Je, Wajua? Ganzi na Muda Wake

Kila mtu amewahi kufa ganzi mahali fulani: mguu uliokaliwa, mkono uliolaliwa, mdomo uliodungwa sindano kwa daktari wa meno. Zote tunaziita ganzi, ila ganzi ya dakika tano na ganzi ya miezi mitano hazina udugu mkubwa. Kinachozitenga ni muda. Ukijua ilianza lini, imekaa kiasi gani na inaelekea wapi, umeshapata nusu ya anachotaka kukijua daktari. Mambo yafuatayo yamepangwa kwa muda, kuanzia ganzi ya sekunde hadi ile isiyoondoka, na mengi yanahusu watu wa mwambao, kuanzia Dar es Salaam kupitia Bunju hadi Bagamoyo.

SEKUNDE NA DAKIKA

Je, wajua kwamba ukijigonga kiwiko, kinachopiga kelele si mfupa?

Nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, kuna neva, yaani mshipa wa fahamu, inayopita juu ya mfupa bila nyama ya kuikinga. Ukijigonga kwenye fremu ya mlango au ubavu wa ngalawa, mshtuko unakimbilia kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete, kwa sababu neva hiyo inaishia huko. Gumba halina habari. Kabla dakika haijaisha, mambo yameshatulia. Fundisho lake ni kubwa kuliko maumivu yake: kidole chenye ganzi hutaja neva iliyoguswa, na daktari mzuri huanza kwa kuuliza ni vidole vipi.

Je, wajua kwamba mguu hupoteza hisia zake kwa zamu, si zote kwa pamoja?

Bagamoyo ni mji wa maulidi na zikri, sifa iliyokuzwa na Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Anayekaa mkekani kwa saa kadhaa amekunja miguu anaijua vizuri ganzi ya kukaliwa. Mwaka huohuo wa 1931, huko London, daktari Thomas Lewis na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya kwa kuifunga mikono kwa mpira wa kupimia presha mpaka damu ikaacha kupita. Baada ya kama robo saa, hisia ya mguso ilianza kupotea kwenye ncha za vidole, ikapanda taratibu kuelekea juu. Hisia ya maumivu ilidumu zaidi. Ndiyo maana mguu uliokufa ganzi haujui umekanyaga nini, lakini ukiufinya kwa nguvu bado unauma.

Vile vichomi vinavyokuja ukinyoosha mguu ni dalili ya kurudi, si ya kuharibika. Neva zilizobanwa zinapopata damu tena huanza kurusha ujumbe ovyo kabla ya kutulia, na dakika chache zinatosha. Hatari iko kwenye haraka: anayesimama mara moja kwa mguu usiojua sakafu ilipo anaweza kuteguka kifundo. Nyoosha kwanza, chezesha vidole, kisha ndipo usimame.

Je, wajua kwamba kuhema haraka kunaweza kufisha ganzi midomo na vidole?

Hutokea msibani mtu anapolia kwa kwikwi, au anaposhikwa na hofu kali. Kuhema mfululizo kunatoa hewa ya kaboni nyingi mno mwilini, kemia ya damu inabadilika, na neva zinakuwa nyepesi kushtuka. Midomo inawasha, vidole vinachomachoma na hata kukakamaa. Pumzi ikishatulia, hali inaisha kwa dakika. Aliye karibu na mtu huyo hana haja ya kummwagia maji; amketishe, azungumze naye taratibu, amsaidie kutoa pumzi polepole.

SAA

Je, wajua kwamba ganzi ya karafuu ilikuwa mdomoni mwa watu wa pwani kabla ya sindano ya daktari?

Bibi wa mwambao aliyekuwa na jino bovu aliweka karafuu pale panapouma, na alikuwa na haki yake. Mafuta ya karafuu yana eujenoli, kemikali inayopunguza hisia za neva kwa muda mfupi. Madaktari wa meno wameitumia kwa miaka mingi wakiichanganya na oksidi ya zinki kutengeneza dawa ya kuziba jino kwa muda. Watafiti wa bahari nao hutumia mafuta ya karafuu kuwalaza samaki wanaotaka kuwapima. Lakini mafuta makali yasiyochanganywa yanaunguza ufizi, na karafuu haiponyi jino lililooza, inalinyamazisha tu.

Je, wajua kwamba waliobuni sindano za ganzi walizijaribu kwenye miili yao wenyewe?

Mwaka 1898, huko Kiel nchini Ujerumani, daktari August Bier na msaidizi wake Hildebrandt walijaribiana dawa ya ganzi ya kwenye uti wa mgongo. Bier alimpiga Hildebrandt kwenye muundi na kumgusisha sigara inayowaka, naye hakuhisi maumivu. Baadaye wote wawili waliumwa kichwa kwa siku kadhaa. Sindano ya aina hiyo leo inawawezesha akina mama wengi kujifungua kwa upasuaji wakiwa macho. Miguu yao kwa kawaida hurudi ndani ya saa 2 hadi 4.

Ganzi ya jino ina ratiba yake. Dawa inayotumika zaidi, lidokeini, ilitengenezwa Sweden mwaka 1943 na Nils Löfgren na Bengt Lundqvist, na Lundqvist naye aliijaribu mwilini mwake. Jino lenyewe linaweza kuamka baada ya kama saa moja au zaidi kidogo, lakini mdomo na ulimi huendelea kulala kwa saa 3 hadi 5. Muda huo ndio watoto wanapojitafuna midomo bila kujua, na watu wazima wanapoungua kwa chai. Mdomo ukiwa bado na ganzi kesho yake, rudi umwambie aliyekutibu. Mara nyingi neva imeguswa na sindano, na wengi hupona ndani ya wiki au miezi michache.

SIKU MOJA YA HATARI

Je, wajua kwamba kata ya Bunju, kando ya barabara ya Bagamoyo, ina jina moja na samaki anayeua kwa ganzi?

Bunju ni yule samaki anayejivimbisha akishikwa. Ini lake, mayai yake na ngozi yake vinaweza kuwa na sumu iitwayo tetrodotoksini, inayotengenezwa na bakteria na kukusanyika mwilini mwake. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi. Sumu hii huziba vijilango vya chumvi ya sodiamu kwenye neva, na neva iliyozibwa haipitishi ujumbe. Dalili ya kwanza ni midomo na ulimi kuwasha na kufa ganzi, mara nyingi kati ya dakika 10 na 45 baada ya kula. Kisha uso, kisha vidole, kisha miguu inaishiwa nguvu, na mwisho misuli ya kupumulia, huku mtu akiweza kuwa bado anasikia kila kinachosemwa.

Mwaka 1967 jarida la kitabibu la Afrika Mashariki lilichapisha habari ya mvuvi wa Zanzibar aliyekufa kwa sumu hiyo. Karibu karne mbili kabla, Septemba 1774, nahodha James Cook na wataalamu wawili wa safari yake walionja kidogo tu ini na mayai ya samaki wa jamii hii huko New Caledonia. Usiku wa manane waliamka viungo vimekufa ganzi na nguvu zimewaishia. Walipona. Nguruwe wao aliyekula matumbo ya samaki huyo alikutwa amekufa.

Sumu hii haina dawa ya kuiondoa. Tiba ni kumsaidia mgonjwa apumue kwa mashine mpaka mwili uitoe wenyewe, na anayevuka saa 24 za mwanzo kwa kawaida hupona kabisa bila kuachiwa kilema. Kwa hiyo midomo ikianza kuwasha baada ya kula samaki usiyemjua, safari ni ya hospitali saa hiyohiyo. Asali na maziwa havisaidii.

Je, wajua kwamba ganda zuri la pwani linaweza kudunga?

Wanaotembea mwambani maji yakitoka, wakitafuta pweza, hukutana na konokono wa baharini mwenye ganda la umbo la koni lenye michoro ya kuvutia. Akiwa hai ana mwiba wenye sumu. Mdungwa huhisi ganzi inayosambaa kutoka kidoleni, na aina moja inayopatikana Bahari ya Hindi imewahi kuua watu. Kutokana na sumu ya konokono wa jamii hiyo, wanasayansi walipata dawa ya maumivu sugu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Ganda tupu ni pambo. Lenye mwenyewe ndani liache pale lilipo.

WIKI

Je, wajua kwamba mkono unaweza kulala usiku mmoja na kuamka baada ya miezi miwili?

Mtu amekunywa mnazi jioni, akasinzia kitini mkono umening'inia juu ya egemeo. Asubuhi kiganja kimelegea, hakiinuki, na mgongo wa mkono upande wa gumba una ganzi. Wengi hudhani ni kiharusi. Mara nyingi ni neva inayozunguka mfupa wa mkono wa juu, iliyobanwa kwa saa nyingi. Mtu mzima asiyelewa hujigeuza usingizini kabla ya kufika huko. Pombe inauzima mwito huo wa kugeuka. Neva haijakatika, bali utando wake wa mafuta umechubuka, na mwili huutengeneza upya. Wengine hupona kwa siku chache, wengi kwa wiki 6 hadi 12. Katika muda huo kiganja huvalishwa gango kisikakamae. Lakini mtu asijiamulie mwenyewe kwamba si kiharusi. Hilo aliamue daktari, siku hiyohiyo.

Je, wajua kwamba kuchuchumaa kwa saa nyingi kunaweza kuuangusha unyayo?

Huko Mlingotini, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, akina mama wamelima mwani kwa miaka mingi. Kazi ya kufunga mbegu kwenye kamba inafanyika mtu akiwa ameinama au amechuchumaa, kama ilivyo kupalilia mpunga au kuparua samaki. Chini kidogo ya goti, upande wa nje, neva inazunguka kichwa cha mfupa mwembamba wa muundi ikiwa karibu kabisa na ngozi. Kuchuchumaa kwa muda mrefu kunaibana. Ganzi inakuja juu ya unyayo, na ikizidi, mtu anashindwa kuinua vidole vya mguu na kuanza kujikwaa. Tatizo likigunduliwa mapema na mtu akaacha mkao huo, mguu hurudi ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu. Kigoda, na kusimama mara kwa mara, ni kinga ya bei nafuu kuliko tiba yoyote.

MIEZI

Je, wajua kwamba mzigo begani unaweza kulaza mkono mzima?

Karne ya 19 wapagazi walioingia na kutoka Bagamoyo walibeba mizigo ya kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32, na pembe kubwa za ndovu zilizidi hapo. Njia ya Ujiji ilikuwa kama kilomita 1,200. Kati ya shingo na bega hupita fungu la neva zote za mkono, na mzigo unaolikandamiza kwa saa nyingi huleta ganzi na udhaifu. Madaktari wa jeshi wameueleza ugonjwa huo kwa askari wanaobeba mabegi mazito. Makuli wa magunia wa leo wako kwenye hatari ileile. Mzigo ukiwekwa chini, wengi hupona kwa miezi 2 hadi 6.

Biashara hiyo ya misafara iliacha alama katika tiba pia. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyewauzia wasafiri bidhaa na kuwatafutia wapagazi, alitoa fedha za kujengea hospitali Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1897. Hospitali hiyo ndiyo mzizi wa Muhimbili, na jengo moja la wodi pale bado linaitwa Sewahaji.

Je, wajua kwamba ganzi ya vidole vitatu inayokuamsha usiku ina mlango wake?

Gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete: hao ni watoto wa neva moja inayopita kwenye njia nyembamba ya kifundo cha mkono. Njia ikivimba, neva inabanwa, na usiku ndiyo zamu yake. Mgonjwa huamka, akaukung'uta mkono, akapata nafuu. Washonaji, wanaokanda chapati na wanaoshinda na nyundo na patasi huipata, na wajawazito pia kwa sababu ya maji kujaa mwilini. Kwa wajawazito wengi huondoka wiki au miezi michache baada ya kujifungua. Wengine husaidiwa na gango la usiku au sindano, na ikishindikana, upasuaji mdogo. Kidole kidogo kikiwa nacho kina ganzi, tafuta sababu nyingine.

Je, wajua kwamba baadhi ya dawa zinazookoa maisha huleta ganzi?

Tanzania ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI bila malipo mwaka 2004, mchanganyiko wa wakati ule ulikuwa na stavudini. Iliokoa wengi, na wengi wao walilalamika nyayo kuwaka moto na kufa ganzi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiache. Waliobadilishiwa mapema walipata nafuu kwa miezi. Wengine ganzi ilibaki. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi nayo inapunguza vitamini B6, ndiyo maana mgonjwa hupewa vidonge vya vitamini hiyo pamoja nayo. Metformini ya kisukari ikitumika kwa miaka inaweza kushusha vitamini B12, na ganzi ya upungufu huo ikigunduliwa mapema hupungua kwa miezi kadhaa ya tiba. Kwa dawa zote tatu kosa kubwa ni kuacha dawa kimyakimya. Sema, ubadilishiwe.

MIAKA

Je, wajua kwamba neva hukua milimita moja kwa siku?

Mwaka 1943 daktari Mwingereza Herbert Seddon aligawa majeraha ya neva katika madaraja matatu, na mgawo wake bado unatumika. Daraja la kwanza ni neva iliyobanwa tu: hiyo ni ya wiki. La pili ni uzi wa ndani kukatika huku mrija wake ukibaki mzima: uzi huota upya ndani ya mrija uleule, kama milimita moja kila siku. La tatu ni vyote viwili kukatika, na hapo bila mshono wa daktari wa upasuaji uzi haujui pa kuelekea.

Piga hesabu. Kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole ni kama sentimita 18, hivyo aliyekatwa na kioo kifundoni, hata baada ya kushonwa vizuri, anasubiri miezi 6 au zaidi. Kutoka begani hadi ncha za vidole ni sentimita 75: miaka miwili. Tatizo ni kwamba misuli haisubiri milele. Ikikaa bila neva kwa mwaka mmoja na nusu hivi, huzeeka kiasi cha kutoweza kuamshwa. Ndiyo sababu aliyeng'olewa neva za bega kwa ajali ya bodaboda anatakiwa kufika kwa wataalamu, kama wale wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ndani ya wiki na miezi ya mwanzo.

Je, wajua kwamba kuna mwasho wa kushangilia?

Mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Paul Hoffmann wa Ujerumani na Jules Tinel wa Ufaransa, waliokuwa pande mbili za vita, kila mmoja alichapisha ugunduzi uleule. Ukigonga kwa kidole juu ya njia ya neva inayoota, mgonjwa anahisi vichomi pale nyuzi changa zilipofikia. Mwezi ujao ukigonga, mahali pa vichomi pamesogea mbele. Wagonjwa wengi huogopa vichomi hivyo wakidhani ugonjwa umerudi. Kwa jeraha linalopona, ganzi kimya ndiyo ya kutia wasiwasi. Vichomi vinavyosogea ni habari njema.

Je, wajua kwamba Dar es Salaam iliwahi kuwa na mlipuko wa ganzi na upofu?

Kuanzia mwaka 1988 vijana wengi wa Dar es Salaam na mwambao walianza kupoteza uwezo wa kuona kwa macho yote mawili, na wengi wao walikuwa na miguu inayowaka na kufa ganzi. Watafiti wa Tanzania na Uingereza walichapisha matokeo yao mwaka 1997 na 1998, na lishe ilikuwa miongoni mwa vilivyoshukiwa. Kuba ilipatwa na mlipuko unaofanana na huo mwaka 1992 na 1993, ukiwakumba watu zaidi ya 50,000 wakati wa uhaba mkubwa wa chakula. Serikali yake iligawa vitamini za kundi B kwa wananchi wote, mlipuko ukazimika, na wagonjwa wengi wakapata nafuu. Neva nazo zinahitaji chakula: maharage, karanga, dagaa, mayai, nafaka isiyokobolewa sana.

ISIYORUDI KIRAHISI

Je, wajua kwamba panya ana sehemu katika historia ya kisukari Dar es Salaam?

Waswahili husema panya huuma akipuliza. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam walieleza katika jarida la kimataifa la kisukari wagonjwa waliotafunwa miguu na panya usiku bila kuamka. Panya hakuhitaji kupuliza. Sukari ilikuwa imeshaua hisia za nyayo. Ganzi ya kisukari huanza vidoleni mwa miguu kwa sababu huko ndiko neva ndefu kuliko zote zinakoishia, kisha hupanda taratibu kufuata umbo la soksi. Ikikaribia magoti, vidole vya mikono navyo huanza.

Ganzi hii mara chache hurudi nyuma kabisa. Kuidhibiti sukari kunaizuia isiendelee, na hilo ni ushindi. Mguu usiohisi unahitaji macho badala ya neva: ukague kila jioni hadi chini ya unyayo, kung'uta viatu kabla ya kuvaa, pima maji ya moto kwa kiwiko, usiuote moto, usitembee peku.

Je, wajua kwamba ukoma ni ugonjwa wa neva kabla ya kuwa wa ngozi?

Kijidudu cha ukoma, alichokitambua Armauer Hansen wa Norwei mwaka 1873, huzaana polepole mno: kujigawa mara moja huchukua kama wiki mbili. Dalili huweza kuchukua miaka mitano kujitokeza, wakati mwingine ishirini. Baka jeupe au jekundu lisilowasha, lisilouma, lisilohisi unyoya wa pamba ukilipitia, ndilo la kuonyesha zahanati. Vidole havidondoki kwa ukoma wenyewe. Vinaliwa na majeraha na moto usiohisiwa.

Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na mwaka 2006 ilifikia lengo la kushusha ukoma chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Wagonjwa wapya bado wanapatikana, na dawa za miezi 6 au 12 hutolewa bure. Ganzi iliyoanza chini ya miezi sita iliyopita inaweza kurudishwa kwa dawa za kupunguza uvimbe wa neva. Ikishapita hapo, matumaini hupungua kila mwezi.

ISIYONGOJA

Je, wajua kwamba kuna ganzi zinazoondoka zenyewe lakini bado ni hatari?

Ganzi ya ghafla ya upande mmoja wa mwili, mdomo kwenda kombo au ulimi kuwa mzito, ni kiharusi mpaka ithibitike vinginevyo. Wakati mwingine yote huisha chini ya saa moja, na mtu hurudi kazini akishukuru. Hilo ni onyo, na siku mbili zinazofuata ndizo za hatari zaidi. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na wilaya ya Hai kati ya 2003 na 2006 ulikuta kiwango cha kiharusi Dar es Salaam ni karibu mara tatu ya kile cha Hai. Presha isiyotibiwa ndiyo mshukiwa mkuu.

Ganzi inayoanza nyayoni na kupanda siku hadi siku, ikifuatiwa na miguu kuishiwa nguvu, mara nyingi baada ya kuhara au mafua, inaweza kufika kwenye misuli ya kupumulia. Mgonjwa wa namna hiyo alazwe mapema. Akivushwa wiki za mwanzo, ana nafasi nzuri ya kutembea tena ndani ya miezi 6 hadi mwaka.

Na mwasho au ganzi inayorudi kwenye kovu la kuumwa na mbwa, wiki au miezi baada ya kidonda kupona, inaweza kuwa dalili ya kwanza ya kichaa cha mbwa. Ikifika hapo tiba karibu haipo. Muda wa kuokoa maisha ni siku ile ya kuumwa: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda ukachanjwe.

Kwa ganzi nyingine yoyote inayozidi siku chache, nenda kituoni na majibu manne: ilianza tarehe gani, ni vidole au upande upi, inapanda au inashuka, na unatumia dawa gani. Mafuta ya kuchua na maji ya moto yasubiri, kwa kuwa ngozi isiyohisi inaungua kabla mwenyewe hajajua. Tarehe iandike leo.